Fungu la Babu

Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni, kuku wakiingia bandani, ndipo na mimi nilipoacha kuona. Hadi leo nikisikia harufu ya ini likichomwa kwenye mkaa, nalikumbuka giza lile.

Wenzangu pale mtaani kwetu Makanyagio waliniita Kuku. "Kuku, kalale!" Mama alidhani nakwepa kuchota maji, mpaka jirani yetu Msukuma aliponiona napapasa ukuta nikitafuta mlango.

"Dada, mtoto huyu si mvivu. Haoni. Mpe ini."

"Ini nitalitoa wapi? Sisi ni ugali na maharage."

Kwao jirani, mbuzi akichinjwa, ini lilikuwa fungu la baba mkwe wake, na hakuna aliyeligusa. Wiki ile walichinja, na mzee mwenyewe akalichoma, akanilisha kipande kwa kipande, vidole vyake vikinuka moshi. Yeye alikula utumbo.

Siku chache baadaye, giza likiingia, aliniita kutoka ng'ambo ya uwanja.

"We Kuku! Nimevaa nini kichwani?"

"Kofia, babu. Imetoboka."

Mama alijifuta macho kwa khanga.

"Basi umepona," mzee akasema. "Sasa nirudishie ini langu."