Maharage ya Fundi Rangi

Fundi Rangi alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kupaka nyumba za watu, na hakuwahi kuitwa tena kwa sababu ya ukuta uliobabuka. Hilo angekusimulia hata kama umemuuliza saa tu. Mkewe alipofariki na kumwachia watoto wawili, na jiko ambalo hakujua hata kiberiti kinakaa wapi, majirani walidhani sasa atanywea. Wapi! Wiki ya kwanza alipika uji mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Ya pili akajiambia kwamba sufuria nayo ni ukuta, shida ni maandalizi.

Watoto akawafanya vibarua wake. Mkubwa, binti wa miaka minane, aliitwa Meneja kwa kupenda kutoa amri. Yeye alimenya karoti na kuosha mchele. Kitinda, mvulana wa miaka mitano, alichambua maharage na kutia chumvi, kijiko kimoja cha chai, kimefutwa juu kwa kidole. Jirani mmoja alipoguna kwamba anawatesa watoto, alijibiwa papo hapo, "Samaki mkunje angali mbichi, mama. Wa kwako atakunjwa lini?"

Aliyekataa kushawishika ni dada yake. Alipiga simu Jumatano.

"Mdogo wangu, watoto hawalelewi kwa majigambo. Jumamosi nakuja kula kwako. Nikikuta mambo ovyo, naondoka na Kitinda, akae kwangu."

"Njoo na njaa, dada," akajibu Fundi, akacheka. Lakini alipokata simu akaenda kumtazama Kitinda. Tangu msiba, Kitinda hapati usingizi mpaka ashike sikio la baba yake. Na baba mtu, ukweli usemwe, naye hapati usingizi mpaka sikio lishikwe.

Jumamosi asubuhi maharage yalichemka mpaka yakalainika. Fundi akachota bakuli zima akaliweka kando, bila chumvi wala kitunguu. Ndivyo alivyozoea kazini: rangi haichanganywi yote, sharti ibaki ya kurekebishia. Vitunguu vikakaangwa, nyanya zikaiva, Kitinda akatia kijiko chake. Hodi ikapigwa.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba, wanangu."

Alikuwa na begi kubwa la zipu, tupu kabisa. Fundi aliliona na kulielewa. Akamwekea dada kigoda mlangoni mwa jiko, kwa mbwembwe, kisha akamchotea mchuzi aonje.

Shangazi alionja. Uso ukajikunja, macho yakatoa machozi.

"Chumvi! Unataka kuwaua watoto wa watu?"

Fundi naye akaonja, akakohoa.

"Mara ya pili nimetia mimi," akasema Kitinda, kifua mbele. "Baba alipokwenda kufungua mlango. Baba husema fundi hapaki mara moja. Mara ya kwanza ukuta unakunywa, mara ya pili ndiyo unapendeza."

Maneno yalikuwa ya Fundi, neno kwa neno. Aliwafundisha mwenyewe, tena kwa kujipiga kifua. Alimtazama mwanawe, akalitazama begi, akaweka mwiko chini.

Meneja hakuwa na muda wa huzuni. "Baba, unangoja nini? Si tuna ya kurekebishia? Kitinda, lete bakuli, shika kwa mikono miwili. Baba, punguza mchuzi. Shangazi, samahani, sogeza miguu."

Shangazi akasogeza miguu. Fundi akapunguza mchuzi, maharage ya akiba yakaingia, maji ya moto yakaongezwa, Meneja akakata nyanya moja zaidi. Kitinda akapewa kijiko aonje. Akafumba macho, akafikiri.

"Sasa imekauka vizuri," akasema, jinsi baba yake asemavyo mbele ya ukuta.

Walikula kwa wali. Shangazi alisema hana njaa sana, kisha akaongeza, kisha akaongeza tena. Walipomaliza alivuta begi, akafungua zipu. Kitinda akashuka kitini taratibu, akaenda kulishika sikio la baba yake, mchana kweupe. Shangazi akawatazama.

"Hayo yaliyobaki nifungieni," akasema. "Nimekuja na begi zima, nirudi nalo tupu?"

Meneja akatafuta bakuli lenye mfuniko. Fundi akageukia sufuria, akaisugua kwa nguvu bila kugeuka nyuma.

"Na Jumamosi ijayo nakuja tena," shangazi akasema mlangoni. "Ila chumvi nitatia mimi."

"Sawa, shangazi," akasema Kitinda. "Kijiko kimoja. Na ufute juu kwa kidole."