Kamba Nene kwa Bei ya Nyembamba

Shilingi kumi na mbili, nilihesabu mara mbili siku ile: kapi nne za kupitishia kamba, na kamba ya katani. Leo harufu ya katani imenisimamisha Kariakoo, mlangoni pa duka lilelile.

Baba alikuwa amebaki kuendesha mashua peke yake, akataka kupunguza tanga bila kuinuka usukanini. Nilimbana muuzaji mpaka akatupatia kamba nene kwa bei ya nyembamba.

"Mzee, binti yako atatufilisi!"

Baba alijivuna mpaka nyumbani. Tulijaribu uani, kamba ikiwa kavu, na tanga likapungua vizuri.

Kisha Baba alitoka baharini siku ya upepo; mashua ilikutwa Kigamboni, tanga wazi lote, kamba imevimba kwa maji na kukwama kwenye kapi. Baba hakuwamo.

Wewe unayezijua kamba, niambie: ile nyembamba ingepita?