Sisi wa Lundo la Fifi

Mjukuu wangu, anayefanya kazi ofisini mjini, aliniuliza juzi nilikuwa idara gani kiwandani. Aliuliza kwa adabu, nami nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili. Neno hilo, idara, linanichefua. Nikilisikia redioni, nazima redio.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, miaka ya sabini. Wanaume waliendesha mashine zinazotenganisha nyuzi na mbegu. Sisi wanawake tuliketi sakafuni ndani ya ghala, tukichagua pamba iliyoletwa na wakulima: safi, ile nyeupe, huku; na fifi, ile yenye madoa na majani makavu, kule. Madirisha yalifungwa ili upepo usipeperushe mali.

Kiwanda hicho kilipenda majina kupita kiasi. Idara ilikuwa na mkuu, ofisi yenye pazia na mtu wa kuleta chai. Chini yake kulikuwa na sehemu, yenye msimamizi na meza. Chini kabisa kitengo, ambacho aghalabu kilikuwa na kibao tu. Wazee walioanza kazi enzi za Wahindi waliendelea kusema seksheni, na mafundi waliita kwao karakana, wakaringa nayo. Ukitaka sabuni, buti au ruhusa ya kwenda kuzika, kwanza uliulizwa wewe ni wa wapi. Sisi hatukuwa wa popote. Tuliitwa akina mama wa fifi, basi.

Ningevumilia hayo yote kama si maziwa. Kila asubuhi wafanyakazi wa sehemu za vumbi walipewa kikombe cha maziwa, kwa kuwa kila mtu pale aliamini kwamba maziwa huteremsha vumbi la pamba kifuani. Watu wa mashine walikunywa. Sisi tulitoka ghalani na nyusi nyeupe kama za vikongwe, tukawatazama wakifuta midomo. Ghala halikuhesabiwa kuwa sehemu ya vumbi.

Aliyeketi kando yangu alikuwa mama mmoja kutoka Didia, mkubwa kwangu kwa umri, mcheshi, mwenye mikono myepesi kuliko sisi sote. Kifua chake kilikuwa kibovu. Jumatatu, baada ya kupumzika Jumapili, ndipo kilipombana zaidi. Alishika ukuta na kuvuta pumzi yenye mluzi. Kufikia Jumatano kililegea kidogo. Wanaume wa mashine nao walikohoa hivyohivyo kila Jumatatu, na maziwa yao tumboni, ila hakuna aliyelitilia maanani, hata mimi.

Tulikwenda kwa mkuu wa idara. Nilizungumza mimi, maana nina mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, akina mama."

"Tunaomba maziwa. Huyu mwenzetu kifua kinambana."

"Maziwa ni ya sehemu za vumbi. Ninyi si sehemu."

"Basi tufanyeni sehemu."

Alicheka, akasema atalifikiria. Alilifikiria hadi msimu ukaisha, akaendelea kulifikiria hadi msimu uliofuata ukashika kasi. Hatimaye tukaitwa uwanjani. Kulikuwa na hotuba ndefu na makofi, kisha fundi akapigilia kibao juu ya mlango wa ghala: KITENGO CHA MADARAJA YA PAMBA. Mwenzangu alipiga vigelegele kwa pumzi ndogo aliyokuwa nayo, akaishia kukohoa.

Jumatatu tukapanga foleni, kila mmoja na kikombe chake. Mgawaji akafunika ndoo kwa kiganja.

"Ninyi ni kitengo," alisema. "Kitengo kiko chini ya sehemu, na sehemu yenu ni Ghala. Ghala halina maziwa."

"Na vumbi limeambiwa hayo?" nilimuuliza.

"Usinigombeze, mayu, mama yangu. Mimi nimetumwa tu."

Mwenzangu aliketi chini palepale kwenye foleni. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena, hata siku nilipofukuzwa nyumba. Nilirudi ghalani, nikashika pembe ya turubai lililojaa pamba, nikaanza kulivuta kuelekea mlangoni. Wenzangu wakashika pembe nyingine bila kuuliza. Tulilitoa nje, tukaliweka nyuma ya ghala ambako upepo haukufika, tukamsogeza mwenzetu kivulini, tukaendelea kuchagua.

Mkuu wa idara alikuja mbio.

"Nani amewatoa humo? Idara gani imeidhinisha?"

Mwenzangu ndiye aliyeinua uso.

"Baba, huku napumua," alisema.

Mkuu alisimama akitazama pamba safi ikirundikana. Mashine zilikuwa zinaisubiri. Akaondoka, wala hakuturudisha ndani, siku ile wala baadaye. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Hatukuhitaji kibao, hotuba wala kitengo.

Mwenzangu alichagua pamba nje kwa wiki chache, kisha akaacha kuja. Tulimzika kwao Didia kabla ya mvua za kwanza. Mganga wa zahanati aliyemtibu aliniambia maziwa hayafiki kifuani kabisa, yanakwenda tumboni kama uji, na kwamba kifua kile kilikuwa kimeharibika siku nyingi. Nilitamani kumpiga, yeye asiye na kosa.

Pale msibani tulikaribishwa maziwa, vibuyu kwa vibuyu, maana kwao walikuwa na zizi kubwa. Huyu mama hakuwahi kukosa maziwa maishani mwake. Hewa nayo ilikuwa nje ya mlango ule muda wote, nasi tuliketi ndani misimu miwili, tukisubiri kupewa jina.