Punje ya Mama

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai juu ya Sosiot, na nilijivuna kupita kiasi. Mama yangu alikuwa mmoja wa wachumaji arobaini niliowapimia majani.

Siku moja meneja alitaka jedwali. Niwagawe wachumaji kwa mafungu ya ratili: ishirini hadi ishirini na tisa, thelathini hadi thelathini na tisa, hivyo hivyo mpaka sitini na kitu. Robo ya chini ingeondolewa kwenye chai ikapalilie. Mama alikuwa na mgongo mbovu, jembe lingemmaliza, nami nilijua hivyo.

Kwetu watu hawahesabiwi. Ni kuwaitia msiba. Basi nilipanga mikebe mitano, nikawa natia punje moja ya mahindi kwa kila jina. Nilipofika kwa Mama, ratili thelathini na nne, mkono ulikataa. Punje yake niliitia mfukoni.

Meneja alijumlisha. "Watu iko arobaini. Hapa thelathini na tisa. Moja nakwenda wapi?"

Nilimchukia kwa kujua kujumlisha. Niliitoa punje, nikaidondosha katika mkebe wa pili.

Wastani tuliupata kwa kuzidisha katikati ya kila fungu kwa punje zake, kisha kugawanya kwa arobaini: ratili arobaini na tatu na nusu. Robo iliishia kwa mtu wa kumi. Mkebe wa kwanza ulikuwa na sita, wa pili sasa nane. Tulihitaji wanne kati ya wale wanane, yaani nusu ya fungu. Mstari ukaangukia thelathini na nne na nusu.

Mama alipungukiwa na nusu ratili! Konzi chache tu za majani mabichi.

Jioni nilimkuta Mama akikama ng'ombe, nikamwambia yote, mpaka habari ya mfuko. Nilitegemea atalia au atanilaani. Hakuacha kukama.

"Kwangu mkono ulikataa," alisema.

"Ulikataa, Mama."

"Na wale wengine?"

Thelathini na tisa niliwatia mkebeni huku nikipiga mluzi.

"Wale nao ni mama za watu," alisema, akanipa kibuyu cha maziwa nikiingize ndani. Asubuhi alichukua jembe akaenda na wenzake tisa.