Kina mama arobaini na mmoja waliosema "tumeelewa": tulivyokusanya maoni ya kura Msambweni kabla ya Uhuru

Wakuu, habari za kushinda. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu sidhani kama mmebaki humu hata watatu. Wadogo, marahaba, nimezipokea kabla hamjazituma.

Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu mawili. Sasa moja lina mtoto wa jicho, lakini wakati huo yote yalikuwa mazima na yanafanya kazi. Nilichosahau nitasema nimesahau. Sitaziba pengo kwa chumvi.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Majuzi walikuja vijana hapa Ukunda, fulana zimefanana, tablet mkononi, wanakusanya maoni kuhusu taratibu za kupiga kura na kama matangazo yake yanatufikia. Ukumbini tulikuwa watu sitini na watatu. Nilihesabu tulipoingia. Nikahesabu tena soda zilipogawiwa, tukawa sabini na mmoja. Hilo tuliache.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Wakabonyeza tablet zao, wakashukuru, wakaondoka. Nami nikabaki kwenye kiti nacheka peke yangu, maana nilimkumbuka mama mdogo.

Turudi nyuma basi.

Uhuru ulikuwa bado, lakini harufu yake ilishafika. Kila duka Msambweni lilikuwa na redio, na kila redio ilikuwa na watu kumi wanaobishana nayo. Mimi nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, biashara yangu makuti. Nikinunua kwa kina mama wanaoyashona, nikiwapelekea waezekaji kuanzia Diani mpaka Ramisi. Makuti huhesabiwa, wakuu. Ukihesabu mara moja, mteja ataezeka nusu ya nyumba na nusu nyingine atakuja kulala kwako. Tabia hiyo ya kurudia hesabu haijanitoka mpaka leo.

Ofisi ya wilaya kule Kwale ikawa inatafuta mtu wa kumsindikiza karani vijijini. Awe na baiskeli, ajue Kidigo, na awe na Kiingereza cha kuombea maji. Vyote nilikuwa navyo. Nikawaambia Ijumaa nzima ni yangu. Wakakataa, wakanipa kuanzia adhuhuri. Hiyo adhuhuri ndiyo niliyokuwa nikiitaka tangu mwanzo.

Karani mwenyewe alikuwa mtu wa bara, jina lake Elija. Kaptula imepigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia isije ikakukata. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila alikuwa na haraka, na haraka huku kwetu haina mwenyeji.

Alikuwa na fomu zenye maswali matatu. Umelisikia tangazo? Umeelewa jinsi ya kupiga kura? Una lolote la kusema? Mawili ya kwanza ni ndiyo au hapana. La tatu limeachiwa mistari miwili. Mistari miwili, kwa watu wa pwani!

Utaratibu aliokuwa akiusoma ulikuwa hivi: anayejua kusoma atatia alama mwenyewe kwenye karatasi. Asiyejua, atamtajia msimamizi kwa sauti jina la mgombea anayemtaka, mawakala wa wagombea wakisikia, kisha msimamizi amtilie alama. Basi. Elija aliusoma kila mahali kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani.

Ramisi tulikutana na wakata miwa. Wale ndio watu wa kuuliza maoni.

"Siku hiyo nyapara atatuachia, au tupige kura na panga mkononi?"

"Na wewe karani, ukishaandika, hiyo karatasi inakwenda wapi? Isije ikarudi huku imefungiwa karanga!"

Elija alitoka jasho. Mistari miwili ikajaa, maneno yakapanda pembeni mwa fomu kama siafu. Mimi nikafurahi. Katika biashara yangu, mteja anayepiga kelele ndiye mteja. Anayenyamaza ameshaamua kwenda duka la pili.

Baadaye ndipo tukafika kijiji cha mama mdogo, mbele ya Msambweni, njia ya kwenda kuvukia Funzi.

Bi Mwanakombo alikuwa mdogo wake mama yangu, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Fundi wa kushona makuti, mdomo wake haujui kusamehe bei. Kura ile aliitaka kwelikweli. Siku ya kujiandikisha alikwenda kwa miguu, akaambiwa karatasi zimekwisha. Akarudi nyumbani, kesho yake akaenda tena. Kadi alipoipata aliifunga kwenye pindo la leso, na ukimuuliza anakuonyesha fundo tu, kadi haitoki.

Na alishajua wa kumpa. Wagombea walikuwa wawili, Omari na Salimu. Salimu alipita kijijini akipunga mkono kutoka ndani ya gari. Omari alishuka, akauliza habari ya kisima, akateremsha ndoo mwenyewe, akaona inachukua muda gani kugusa maji. Mama mdogo akasema, "Huyu amenyanyua ndoo. Yatosha."

Sasa siku hiyo wamekaa kina mama uani kwa mmoja wao, hakuna hata mmoja anayejua kusoma, Elija amesimama anasoma. Akamaliza.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

"Kuna lolote la kusema?"

"Tunashukuru mmefika."

Akaletewa na dafu. Elija anakunywa huku anatabasamu, hajawahi kupata kijiji kama hiki.

Mimi nikazihesabu fomu. Ndiyo arobaini na moja. Nikazirudia kutoka chini kwenda juu. Arobaini na moja. Hapana hata moja, hata ya bahati mbaya.

Nikamvuta Elija kando. "Bwana, bei imekubaliwa upesi mno."

"Hatuuzi makuti hapa."

"Ndiyo maana nasema. Kina mama hawa nikiwatajia bei ya makuti hunirudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka njiani. Leo wamekuwa malaika. Tuwaombe watuonyeshe."

Hakupenda, lakini dafu lilikuwa halijaisha. Tukaweka meza, juu yake debe la biskuti ndilo sanduku la kura. Elija akawa msimamizi. Mimi nikawa wakala, nikakunja uso kama wakala.

Wa kwanza akaja mama mdogo. Ametembea vizuri, amesimama vizuri.

"Mama, unamtaka nani?"

Akalishika fundo la leso.

"Taja jina lake tu, mama."

Akatazama paa. "Namtaka yule."

"Yule nani?"

"Yule wa ndoo."

"Jina."

"Yule aliyeitwa kama mzee wa nyumba yetu."

"Mzee yupi?"

"Aliyemzaa mwenzangu!" Na nyuma yake kina mama wakaangua kicheko.

Elija akaandika: hajui amtakaye. Akaita mwingine. Huyo naye akainama, akajifunika mdomo kwa leso. Mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwacheni huyo! Kwake yeye si mkwe, ni mume kabisa!"

"Si ataje tu!"

"Nitaje, halafu nikalale kwenu?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Mimi ni mtoto wa kijiji hicho. Nilikuwa najua kama ninavyojua jina langu kwamba kwetu mwanamke hamtaji mumewe kwa jina, na baba mkwe ndiyo kabisa. Na majina yetu tunarithishana, babu kwa mjukuu, kwa hiyo Omari kijijini walikuwa wengi kuliko mbuzi. Mama mdogo baba mkwe wake ni Omari. Nimezunguka na utaratibu ule juma zima, nimeutafsiri kwa ufasaha, na halikunipitia akilini. Mwanamume hakatazwi kitu hicho, basi hakioni.

Akaja wa tatu, mama mmoja mnyamavu. Yeye akajibu pale pale, "Salimu."

Elija akafurahi. "Mnaona? Rahisi!"

Mama mdogo akamgeukia mwenzake. "Wewe si ulisema unamtaka wa ndoo?"

"Namtaka. Lakini jina lake silitaji, na la huyu Salimu kwetu halina mwenyewe. Nitafanyaje?"

Nikawauliza waliobaki mmoja mmoja, na kila mmoja nyumbani alikuwa na Omari au Salimu asiyeweza kumtaja.

Nikamweleza Elija kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Akasema, "Lakini mgombea ni mtu mwingine! Si baba mkwe wake!"

Mama mdogo akamjibu taratibu, kwa adabu yote. "Mwanangu, miaka kumi na saba niko nyumba ile sijalitamka. Nilitamke leo, kwa ajili ya debe la biskuti?"

"Basi mbona mlisema mmeelewa?"

"Tumeelewa. Ulichosoma chote tumekielewa. Hukutuuliza kama tutaweza."

Elija akakaa kwenye kiti cha msimamizi, kaptula yake ikajikunja na hakujali. Baadaye akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama yangu naye humwita baba 'mwenye nyumba'. Sijawahi kumsikia akimtaja."

Sasa ikaja biashara. Kila mgombea kwenye karatasi alikuwa na picha yake ya alama, Omari mtungi, Salimu saa. Nikasema, kina mama waonyeshe kwa kidole. Elija akasema sheria inataka sauti, na akirudi Kwale na fomu arobaini na moja za hapana, ataulizwa alikuwa akifundisha nini muda wote huo. Alikuwa na hofu ya kweli, kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio.

Nikamwambia, "Usibadilishe hata moja. Mbele acha: wameelewa, arobaini na mmoja. Geuza karatasi. Nyuma andika: hawataweza, arobaini na mmoja. Kisha andika kwa nini, na habari ya kidole."

Akanitazama. "Na wakiuliza mistari miwili imekuwaje ukurasa mzima?"

"Sema mkalimani alikuwa anaongea sana."

Akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri yule bwana, Mungu amlinde popote alipo. Akasaini, nami nikasaini chini yake. Fomu zikaenda Kwale, na majibu hatukupata.

Siku ya kura niliwekwa mlangoni kutafsiri. Foleni ya kina mama ilikuwa ndefu kuliko ya wanaume, nimehesabu, msibishe. Msimamizi alikuwa mgeni kabisa, na mimi sikujua ameambiwa nini. Mama mdogo alikuwa wa tisa.

Msimamizi akafungua daftari lake, akasoma maagizo kwa wakala mmoja baada ya mwingine. La mwisho kabisa, limeongezwa kwa kalamu: asiyeweza kutaja jina, aonyeshe alama kwa kidole, na ihesabiwe sawa.

Mama mdogo akaingia. Mimi nikatazama nje kama inavyotakiwa. Alipotoka alinipita bila kusimama, ila fundo la leso alikuwa amelifungua, pindo linaning'inia. Kufika kwenye kivuli akawaambia wenzake, "Nendeni. Wanakubali kidole." Foleni nzima ikasogea hatua moja mbele.

Ningependa kuishia hapo, lakini niliahidi ukweli.

Kabla ya kijiji kile tulishapita vingine viwili. Huko nako kina mama walisema wameelewa, nami nikazifunga fomu kwa uzi na kuzitia mfukoni, sikumwomba yeyote anionyeshe. Agizo la kidole lilikwenda kituo kimoja tu, kile kilichoandikwa nyuma ya karatasi. Miezi baadaye, nikinunua makuti kwenye kimoja cha vijiji vile, mama mmoja aliniambia walifika mezani, wengine wakataja jina wasilolitaka, wengine wakarudi nyumbani kimya. Hakunilaumu. Alinikaribisha chai.

Mama mdogo ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa. Elija sikumwona tena. Lakini siku ile ukumbini Ukunda, tulipoitikia kwa pamoja, mimi pia niliitikia. Adabu ni ugonjwa, hata mimi ninao.

Somo langu ni dogo. Ukikusanya maoni ya watu, usiwaulize kama wameelewa, watakupa ndiyo yako na dafu juu. Waombe wakuonyeshe, kisha nyamaza.

Sasa nawaachia uwanja. Kama bibi yako alikuwa Ramisi, Funzi, Kinango, hata kule Mackinnon Road, na bado yupo, muulize kura yake ya kwanza aliipigaje. Alitaja, alionyesha, au alirudi nyumbani? Andikeni hapa chini. Wale waliorudi nyumbani ndio ninaowatafuta. Sijawahi kujua walikuwa wangapi.