King'ora Kilichonyamazishwa

Dada yangu anaishi peke yake Kasubi. Majirani walichoka na king'ora chake, kilicholia kila upepo ulipotikisa dirisha bovu la sebuleni. Akamwita fundi wa Katwe, na kweli kelele zikaisha. Nilipomtembelea nililifungua dirisha lile: kimya. Nikafungua na mlango, kikalia.

Mantiki ya saketi nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo nilikifungua kisanduku. Fundi alikuwa ameondoa lango la AU, yaani kijisehemu cha saketi kinachotosheka na mlango au dirisha kufunguliwa, akaweka lango la NA. Sasa mwizi alipaswa kufungua vyote viwili kwa pamoja ndipo king'ora kilie.

Nikampigia fundi simu.

"Mzee, yule mama wa Kasubi alitaka kelele ziishe. Si zimeisha?"

"Na mwizi akipita dirishani?"

"Hapo hakitalia, najua," akacheka. "Lakini wezi wengi hupita mlangoni, mzee wangu."

Uongo: mlango peke yake nao haukuweza kukiliza king'ora. Ujinga ningeuvumilia, ila huyu alijua.

Nilirudisha lango la AU, kisha nikaikaza bawaba ya dirisha, kazi ndogo ambayo fundi hakutaka kuifanya. Dada alisimama nyuma yangu.

"Kwa hiyo siku zote hizi nililala bila ulinzi?"

"Ndiyo," nikamjibu.