Kimya Akabidhi Zizi

Ukifika Mandewa, pale Singida, na magunia yako ya alizeti ukauliza ni mashine ipi inakamua vizuri, watu watakuelekeza kwa Antipasi, halafu watakuonya usitegemee maongezi. Si kwamba ana kiburi. Antipasi anaogopa watu, na amewaogopa tangu utoto. Shule ya msingi aliimaliza bila kunyoosha mkono hata siku moja. Mwalimu akiuliza swali, yeye alitazama kidole gumba cha mguu wake mpaka hatari ipite. Sasa ana miaka arobaini na sita, ana mke na watoto watatu, na bado wateja wakianza kugombania foleni pale mashineni, yeye huinama na spana akakaza nati ambayo wala haijalegea.

Huyo ndiye Antipasi anayejulikana Mandewa. Kulikuwa na mwingine, na huyo aliishi ndani ya simu.

Miaka tisa iliyopita dereva mmoja wa lori, akisubiri madumu yake ya mafuta yajae, alimwekea kwenye simu gemu linaloitwa Falme za Ukungu. Ni mchezo wa mtandaoni ambamo kila mchezaji anachagua kuwa mtu fulani, anavaa deraya, anafuga wanyama wa ajabu na kwenda vitani pamoja na wenzake, ambao kila mmoja yuko kwao na simu yake. Antipasi alijiita Kimya. Alianza kama mchunga farasi wa watu. Mwaka wa tatu alikuwa na farasi wake. Mwaka wa sita kikosi chake cha watu arobaini kilimfanya mkuu na kumpa Pembe, ambayo bila kupulizwa hakuna anayeruhusiwa kuingia vitani.

Wengi kikosini walivaa visikilizio na kuongea kwa sauti. Kimya aliandika. Maneno yake yalikuwa machache na yalifuatwa. "Zungukeni mlima," akiandika hivyo, watu arobaini wanazunguka mlima. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yake, na yeye hakuona haja. Alicheza mashineni kati ya debe na debe, akacheza tena jioni akisubiri chakula. Kristina, mkewe, aliliita lile gemu mke mwenza, na aliliongelea kwa jirani kama anavyoongelewa mke mwenza kweli: anakula nini, anamaliza nini, ana nini ambacho mimi sina.

Basi, Jumanne moja ya mwezi wa saba, msimu umepamba moto na magunia yamepangwa mpaka barabarani, Antipasi alimimina alizeti kwenye mashine, akakaa juu ya gunia la mashudu, akawasha simu. Ukungu ukapanda kama kawaida. Tarumbeta likalia. Naye akaviangalia vyote kama mtu anavyoangalia ukuta wa jirani.

Alidhani ni uchovu. Akaingia msituni akaliwinda lile joka ambalo kikosi kilikuwa kikilitafuta mwezi mzima, akaliua peke yake, na hakusikia lolote. Ilikuwa kama mlenda uliolala. Jana ulikuwa mtamu, mpishi ni yule yule na bakuli ni lile lile, lakini kooni haupiti. Alizima simu, akakaa akitazama mafuta yanavyochuruzika kwenye ndoo, na akashangaa kuona kwamba huko kutazama kunamtosha.

Jumatano alikwenda kupima malaria. Hana.

Jioni hiyo aliiweka simu kwenye rafu, karibu na kopo la chumvi, akakaa kwenye kigoda bila kitu mkononi. Kristina alimtazama kwa muda mrefu huku akisonga ugali.

"Baba Jesca, umegombana na nani?"

"Hakuna."

"Basi unaumwa."

"Siumwi. Imeisha tu."

"Imeisha nini, bando?"

"Hamu."

Kristina alinyanyua mwiko, akaurudisha. Alikuwa ameombea jambo hili kanisani zaidi ya mara moja, lakini sasa lilivyokuja bila sababu lilimtia mashaka. Akasema atasubiri wiki moja ndipo ashukuru.

Tatizo halikuwa hamu. Tatizo lilikuwa Jumamosi. Siku hiyo kikosi kilikuwa kiivamie Ngome ya Kaskazini, kazi waliyoiandaa mwaka mzima, na nafasi ya kuivamia hutolewa mara moja tu. Pembe ilikuwa kwa Kimya. Mtu mwingine angewaambia wenzake kwamba amechoka, wamtafute mkuu mwingine. Antipasi aliona ni rahisi zaidi kuendelea kucheza gemu asilolitaka mpaka kufa kuliko kuwaambia watu thelathini na tisa kwamba hataki.

Alhamisi mchana akapata akili ambayo ni mtu mwoga tu anayeweza kuipata. Msaidizi wake kikosini alikuwa Deo, kijana wa bodaboda wa Manyoni, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Antipasi akamtumia Pembe. Akamtumia na wanyama wake wote thelathini na mmoja, kwa mkupuo, bila kuandika neno. Kisha akazima simu haraka, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni kwa watu akakimbia kabla hawajafungua.

Deo alikuwa kijiweni akisubiri abiria. Simu ikalia mara thelathini na mbili. Akaona Pembe ya mkuu wake, akaona zizi zima, salamu hakuna. Akafikiri kama ambavyo ungefikiri wewe: Kimya kaibiwa simu, na mwizi anabonyeza ovyo. Akapiga mbiu. Nusu ya kikosi wakipiga kura kwamba kuna wizi, gemu linafunga mali yote siku saba. Walipiga kura wote thelathini na tisa. Pembe ikafungwa, Jumamosi imebaki siku mbili.

Antipasi alipofungua simu Ijumaa asubuhi alikuta ameitwa mwizi kwa kila namna.

Akaandika: "Ni mimi."

Deo akajibu kwamba hata mwizi angeandika hivyo hivyo.

"Ni mimi kweli."

"Mwizi gani hata kudanganya hujui," Deo akaandika. "Rudisha simu ya mwenzetu. Huyo ni kichwa, wewe ni takataka."

Ni ajabu kutukanwa kwa ajili ya kupendwa. Antipasi alikaa na simu mkononi mpaka gunia la mteja likamwagika. Aliona vizuri alichokifanya. Alitaka kuondoka bila kuwasumbua, na sasa kazi yao ya mwaka mzima ilikuwa inakufa kwa sababu yake.

Saa nane umeme ukakatika, wateja wakatawanyika, na Kristina akaja na chakula. Alimkuta mumewe ana sura ya mtu aliyefiwa, akambana mpaka akasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kwa Antipasi kumweleza mkewe mambo ya huko ndani: wanyama, Pembe, Deo, ngome, wizi. Kristina alisikiliza akiwa ameshika bakuli. Kwao ni wafugaji kama ilivyo kwa kina Antipasi, huko Ilongero, na mumewe alipofika kwenye wale wanyama thelathini na mmoja akamkatisha.

"Ulimkabidhi bila kumtembeza zizini?"

Antipasi akatazama kidole gumba cha mguu wake.

"Hata mmoja hukumtaja?"

"Hata mmoja."

"Basi hata mimi ningesema umeiba," Kristina akasema, akakaa chini kama aliyemaliza kesi.

Kila mtoto wa Ilongero anajua Kristina alimaanisha nini. Mtu akitaka kumwachia mwenzake ng'ombe, haswagi kundi mpaka kwa mwenzake akaondoka. Wanaingia zizini wote wawili, mchana, watu wakiona. Mwenye mali anaweka mkono juu ya mgongo wa kila ng'ombe, anataja jina lake, alikotoka, na kilema chake, maana kumficha mwenzako kilema ni aibu kuliko kumnyima ng'ombe. Mwishoni anauliza, umewaona? Na anayepokea anajibu, nimewaona. Bila maneno hayo ng'ombe hawajatoka kwa mtu, hata wakilala kwa mwingine miaka kumi. Baba yake Antipasi alikabidhi hivyo mara mbili, na Antipasi alikuwepo ameshika fimbo.

Lakini kilema cha mnyama huwezi kukikabidhi kwa kuandika ukaaminika. Ilibidi kusema.

Alivaa visikilizio. Kidole chake kilikaa juu ya alama ya kipaza sauti muda wa kutosha kula ugali mzima. Kristina hakumhimiza. Alikaa tu pale kwenye gunia, akamwangalia, naye akabonyeza.

"Mimi ni Kimya," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Nimekuja kumtembeza Deo zizini."

Kelele zilizokuwa zikiendelea huko ndani zikakatika.

"Wa kwanza anaitwa Madoa. Nilimpata Bonde la Chumvi mwaka wa tatu, na Hanifa ndiye aliyenishikia taa. Anaogopa maji. Mkifika mtoni, shuka umvute."

Hanifa ni muuza vitenge pale mjini Singida. Alisikika akivuta pumzi.

"Wa pili ni Kifaru Mdogo. Ni mzee, usimpe mzigo. Wa tatu ni Kidari. Huyu anapiga teke. Alimwangusha Deo siku ile ya mvua, na Deo akatuambia kwamba aliteleza."

Watu wakacheka, na katikati ya kicheko Deo akasikika akisema taratibu, "Ni yeye. Hilo hajui mtu."

Angeweza kuishia hapo, wangemwamini. Lakini zizi halikabidhiwi nusu. Antipasi akaendelea. Wa tano anakula sana. Wa nane aliletwa na mwenzao ambaye sasa ni marehemu, kwa hiyo asiuzwe. Alipofika wa tisa aligundua kwamba sauti yake haitetemeki tena. Alipofika wa kumi na nne, tai mweupe aitwaye Mwezi, alikuwa amesimama, anatembea kati ya mashine na magunia, mkono mmoja hewani kana kwamba upo juu ya mgongo wa kitu. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri umeme nje walichungulia dirishani. Aliwaona, na hakuinama. Akawataja wote thelathini na mmoja, na vilema vyao vyote.

"Deo, umewaona?"

Deo si mtu wa Ilongero, lakini alijua anaulizwa nini. "Nimewaona."

Kisha Deo akauliza kwa sauti ya unyonge, "Samahani, kwani wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

Miaka minne Deo alikuwa akimwita mwanangu, dogo, na siku wakishindwa, kilaza. Alikohoa.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Hapo zikafuata shikamoo kutoka kila upande, moja inaikanyaga nyingine, mpaka mtu mmoja mwenye sauti nzito, Mselemu wa Kondoa, ambaye naye alikuwa akiitwa dogo na kila mtu, akawanyamazisha.

"Mimi nina hamsini na nane. Hizo shikamoo zipitie huku kwanza."

"Shikamoo kaka," akasema Antipasi, na kikosi kizima kikaangua kicheko.

Kicheko kilipoisha Deo akauliza ni nani aliyemuudhi.

"Hakuna. Hamu imeisha. Nilikuwa nayo miaka tisa, imenitosha."

"Basi sikiliza, mzee wangu. Vita ni kesho. Pigana kesho tu, halafu uende. Siku moja."

Hili ndilo aliloliogopa tangu Jumanne. Halikuwa tusi wala shutuma, lilikuwa ombi zuri kutoka kwa mtu mzuri, na watu thelathini na tisa wakisubiri jibu. Antipasi mwenyewe hakumbuki mara ya mwisho aliyomkatalia mtu kwa mdomo wake. Alimtazama Kristina. Kristina akatazama chini, akimwachia.

"Hapana," akasema. "Pembe unayo, wanyama nimekuonyesha. Kesho mtapiga wenyewe, na mtaweza."

Kisha Hanifa akasema, "Mwacheni mzee. Amekabidhi, na sisi tumeshuhudia." Wakapiga kura nyingine, kufuli likafunguka, na Antipasi akawaaga mmoja mmoja kwa jina, wote, kabla ya kuvua visikilizio. Masikio yalikuwa ya moto. Alitembea mpaka mlangoni, akawaambia wale wateja wawili kwamba umeme ukirudi, wa gunia jekundu ndiye aliyetangulia. Wakakubali.

Jumamosi saa kumi na moja jioni ujumbe wa Deo uliingia, mrefu, umeanza na shikamoo. Ngome ya Kaskazini ilikuwa imeanguka. Pembe ilipulizwa kwa wakati, mto walivuka kwa kushuka na kuvuta, na hakuna aliyepotea. Antipasi aliusoma wote kwa sauti, polepole, Kristina akichambua mchicha. Alifurahi sana, furaha ya mtu anayesikia kwamba ng'ombe aliyompa mwenzake amezaa salama. Alijikagua kama furaha hiyo ina kiu ndani yake, kama anatamani angekuwepo. Haikuwa nayo.

Kristina ndiye aliyenuna.

"Na yule Mwezi," akasema, "yule tai mweupe. Naye ulimtoa?"

"Nilimtoa."

"Mtu gani anatoa zizi zima asibakize hata mmoja? Mimi nilikuwa nimeshaanza kumpenda."

"Nimetoa wote, Mama Jesca," akasema Antipasi, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani, akavuta kigoda karibu na kuanza kumsaidia kuchambua mchicha.